Mfungo wa Mkimbiaji

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na ule mgongo umekuachia kidogo. Sisi huku tunapumua kwa rehema za Mungu. Cherehani inazunguka, wateja wanalalamika kama kawaida yao. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia.

Binti yako amelazwa. Kaa kwanza, usiruke. Mfupa wa muundi umepasuka. Hakuanguka wala hakugongwa na mtu. Mlio wa kuanzia mbio ulilia, akapiga hatua chache, akakaa chini kwenye njia yake kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kocha wao ana kidude mfano wa koleo, cha kupimia mafuta ya mwili. Kila Jumatatu huwapanga mabinti mstari, akawabana nyama za tumbo na paja, na kusoma namba kwa sauti wenzao wasikie. Zamu ya binti yako ilipofika, alimuuliza mzigo wote huo anambebea nani. Wenzake wakaangua kicheko, na tangu hapo wakamwita Begi. Alinisimulia huku anacheka, nami mjinga nikacheka naye.

Haukupita muda akaniambia amefunga, anamwomba Mungu apate nafasi timu ya taifa. Dada, nilivyofurahi! Unajua nilivyokuwa nikimsumbua kuhusu sala. Nikaacha kumpakulia mchana, na jioni akisema ameshiba maji, nikasema hiyo ndiyo neema. Bukta yake nikaipunguza kiuno, halafu nikaipunguza tena, nashona huku naimba. Hata kwenye ibada nilisimama nikatoa ushuhuda, kwamba vijana wamtazame huyu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Daktari, mama mmoja mpole, alimuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Mtoto akasema hakumbuki. Tunalala chumba kimoja, nami sikuwa najua kwamba zimekoma. Akatueleza kwamba mkimbiaji wa mbio fupi nguvu zake zimo kwenye misuli ya mapaja, na mwili usiolishwa huila hiyo misuli, kisha mifupa nayo ikadhoofika.

Tulipobaki wawili nilimuuliza kwa nini alinidanganya. Akasema ile siku ya kwanza ilikuwa kisingizio tu. Alitegemea kesho yake nitamshikia kijiko kwa nguvu, kama ambavyo ungefanya wewe. Badala yake nikamsifu. Na baada ya ule ushuhuda, akaniuliza, angekulaje mbele yangu?

Kocha amepiga simu. Eti mfupa ukiunga atampokea, mradi asinenepe kitandani. Nilimjibu maneno ambayo naomba toba kwayo, na toba yenyewe haijatoka moyoni. Lakini mtoto alisikia alichosema kocha, akageukia ukutani. Sahani ya mchana imerudi kama ilivyokwenda.

Ndiyo maana nakuomba uje, hata kama mgongo bado unauma. Kaa wewe hapo kitandani pake na kijiko. Mimi nikimwambia ale, ananitazama tu. Anajua kwamba ni mimi niliyemshukuru Mungu kwa njaa yake.

Shemeji usimwambie yote kwa mkupuo. Wabusu watoto, na Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi