Kiti cha Mjukuu na Bibi wa Pili

Mwanangu,

Ule mlio wa tak-tak uliokuamsha kabla hakujapambazuka ulikuwa wangu. Nilikuwa najifunza kufunga mikanda ya kile kiti cha mtoto cha kwenye gari mlichoazima. Maziwa ya mtoto yako kwenye chupa. Yapozeni kwanza.

Leo mkienda kununua kiti, ~~chukueni kile chepesi cha bluu~~. Nimefuta. Jana dukani nilikisifia cha bluu kwa sababu tu mama mkwe wako alipenda cha kijivu. Ana gari, anakaa na mjukuu kila Jumamosi, halafu ananiita “bibi wa pili” mbele ya muuzaji! Nilinuna hadi nyumbani, mkadhani miguu inaniuma.

Asubuhi hii, mkanda mkononi, nikakumbuka alichosema chote. Alimuuliza muuzaji, “Kitafungika vizuri hata kwenye teksi ya kwenda kwa bibi wa pili? Maana naye anatamani kukaa na mjukuu wake.” Mimi nilisikia “wa pili” tu. Masikio yangu haya!

Basi nunueni cha kijivu. Mtoto akae ameangalia nyuma kwanza, akikua mtakigeuza. Kijaribuni kwenye teksi kabla hamjalipa.

Mama mkwe wako mpe salamu. Usimwambie nilinuna.

Nawahi basi la kwanza. Mniletee mjukuu, msikawie. Na mama mkwe wako aje pia, ila huku kwangu bibi wa pili ni yeye. Mje kweli, jamani.

Mama yako