Nakudai Shavu la Kushoto

Mama Hadija, mke wangu uliyelala makaburini Mtua,

Kwanza nikujulishe kwamba ile mashine yako ya kunyolea ndevu nimeitunza kuliko ambavyo mwanamume yeyote wa Mbekenyera angeweza. Taa inawaka kijani, chaji inakaa wiki nzima.

Uongo. Imekufa. Na aliyeiua ni mimi.

Unakumbuka Hadija alivyotuletea kutoka Dar? Ulinikalisha kwenye kigoda uani, ukanishika kidevu kama unachagua nazi. Ilipoanza kunguruma shavuni, nikaruka. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mmwera wewe, umeona nyuki?" Toka siku hiyo ukawa kinyozi wangu, na bwana umeme pia. Mimi nilikuwa naiacha kwenye soketi asubuhi mpaka adhuhuri, nikiamini inashiba zaidi. Unakuja unaichomoa. "Taa ikishakuwa kijani toa, mzee. Hayo si makande." Ukaniuliza darasa la nne nilikwenda kusoma au kunywa uji. Nilikwenda kunywa uji, mama, na wewe ulijua.

Asubuhi ile ya mwisho ulimaliza shavu la kulia, mashine ikazimika. Chaji kwisha. Ukanipiga kikofi kwenye shavu la kushoto, ukasema, "Hili nitalimalizia jioni." Adhuhuri kifua kikakubana. Jioni tulikuwa hospitali Nachingwea, na hukurudi. Msibani nilikaa upande mmoja laini kama sahani, upande mwingine kichaka. Watu wakasema mzee kachanganyikiwa. Siku ya tatu kaka yako akanimalizia kwa wembe, akanikata. Hiyo siihesabu.

Mashine niliifunga kwenye kanga yako, nikaitia sandukuni vilevile, tupu bila chaji. Ndani ya kisu chake mlikuwa na vinywele vyangu vyeupe, ulivyonyoa kwa mkono wako. Nikasema nisipoitumia haitachakaa. Miaka miwili, mama. Wiki iliyopita nilizidiwa, nikataka kuisikia tu inavyonguruma. Nikaichomeka. Kimya. Nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa kwa fundi.

"Babu, ilikaa muda gani bila chaji?"

"Toka alipokufa mwenyewe."

"Betri hizi hazihifadhiwi tupu. Ungeipa hata nusu, kila baada ya miezi miwili mitatu, ingekuwa hai."

"Nilikuwa naitunza."

"Basi umeitunza mpaka umeiua."

Nilitaka nimtukane, akaniwahi. Akasema betri nyingine anayo, akachukua bisibisi, akajaza mashavu upepo apulize uchafu kwanza. Nikamnyang'anya.

Sasa iko mapajani mwangu hapa ninapoandika. Ndevu zimefika kifuani. Mdomo wangu unaoujua umekosa wa kumchokoza. Nikimchokoza kuku ananiangalia tu, anaendelea kuparua. Wakiniuliza habari nasema nzuri. Huo ndio uongo niliobaki nao, na haunichekeshi. Nimechoka, Mama Hadija. Sioni hizi asubuhi ni za kazi gani.

Sikuombi urudi, najua huko hawatoi ruhusa. Njoo ndotoni tu, hata kwa muda wa kunyoa shavu moja. Kigoda kipo palepale uani. Ulisema jioni.

Mumeo,
Mmwera wako wa uji