Neno la Yule Anayezunguka

Bala, Wales
12 Januari 1974

Kaka Ithel mpendwa,

Salamu nyingi, na natumaini baridi ya Bonn haikuonei. Sisi tunaendelea, ila Baba, tangu apooze upande mmoja, hata kijiko namshikia mimi. Kaka, chuo cha wakunga kimenikubali! Naanza Septemba. Nimemuuguza vya kutosha, sasa zamu yako. Utakuja?

Dada yako,
Mabli

Bonn
3 Mei 1974

Mabli wangu,

Hujambo? Baba je? Hongera, mkunga wetu! Nitakuja, haki ya Mungu. Namalizia neno moja tu la kamusi tunayoiandika hapa. Waselti wa kale, mababu zetu, kwa jinsi tunavyokisia, walisema ambaktos: yule anayezunguka akitumwa huku na huko, yaani mtumishi. Wajukuu wa neno hilo wametawanyika. Kwa Wafaransa limekuwa balozi, kwa Wajerumani ofisi, na kwetu mkulima. Tamu, eti?

Kaka yako,
Ithel

Bala
20 Oktoba 1974

Kaka,

U mzima? Sisi tupo. Septemba imepita nikiwa dirishani. Kila basi likipita Baba anauliza, "Ni Ithel?" Namwambia, "Siye, Baba, kunywa chai." Kumbe hata kwenye ukoo wa maneno wengine hupewa ubalozi na ofisi, wengine samadi! Nimekukasirikia sana. Chuo kitanipokea Aprili, basi, hakuna tena. Nakuomba.

Dada yako,
Mabli

Bonn
8 Machi 1975

Mabli,

Habari za huko? Usininunie, dada. Profesa kaniongezea herufi nzima ya kamusi, siwezi kutoka. Mwakani, bila shaka. Ukurasa wa lile neno umechapwa, nimeuweka humu. Msomee Baba.

Kaka yako,
Ithel

Bala
2 Aprili 1975

Ithel,

Baba hajambo. Nimemsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo anayezunguka, anapumzika lini?" Nikamwambia hawakuandika.

Unawakumbuka kondoo wetu. Mlima hauna uzio, ila mama zao huwafundisha mpaka wa malisho yao wangali wadogo, na hawauvuki. Jana nilibeba sanduku, nikashuka, nikavuka kijito hadi barabarani. Basi likasimama. Dereva akafungua mlango: "Vipi, Mabli, unapanda au unalinda barabara?"

Nilitamani kupanda mpaka nikalia. Lakini Baba alikuwa hajala.

"Leo sipandi," nikamwambia, nikarudi na sanduku langu.

Usiniandikie tena kwamba utakuja.

Mabli