Udi wa Bibi na Moshi wa Delhi

Delhi, 25 Oktoba 2025

Kwa Bibi yangu Mwanahija, Dunda, Bagamoyo.

Shikamoo, mke wangu mkubwa. Mumeo huku anakula, anasoma, na bado hajakuletea mke mwenza. Magoti yanasemaje? Na yule jogoo wa jirani yako Hija anayekuamsha kabla ya mwadhini, bado hajaingia sufuriani? Msalimie Mardhiya wako wa hapo nyumbani, mwambie picha za barua zako anazonitumia kwa simu zinasomeka vizuri, ila asikate pembe ya chini, maana ndiko unakoweka maneno matamu.

Uliuliza habari za huku. Habari ni moshi. Wiki hii Wahindi walikuwa na Diwali, sikukuu yao ya taa. Mji mzima uliwaka vibatari na fataki, na jirani yetu wa chini akatulisha vitamu mpaka tukashindwa kula wali. Asubuhi nikafungua dirisha, jengo la ng'ambo ya barabara halikuwepo. Lilirudi saa tano.

Abdulrazak, yule kijana wa Lugoba ninayekaa naye chumba kimoja, alisema ni fataki tu. Mwalimu wetu akamcheka. Magari ya mji huu hayahesabiki, tanuri za matofali zimeuzunguka, takataka zinachomwa mitaani, na walinzi huota moto wa chochote wanachookota. Juu ya hayo, wakulima wa majimbo ya jirani wamevuna mpunga na sasa wanachoma mabua. Wakati wa joto moshi hupanda ukaenda zake. Baridi ikiingia, hewa ya chini inapoa na kutulia, hewa yenye joto inakaa juu yake, na sisi tunabaki katikati kama wali uliopaliwa makaa. Upepo wa kuufunua huo mfuniko haupo.

Usihofu. Kifua kimetulia na dawa ya kuvuta iko mfukoni.

Mumeo na mjukuu wako,
Shuaibu

*

Dunda, 3 Novemba 2025

Mume wangu Shuaibu,

Marahaba, na nyingine uweke akiba. Mimi sijambo, magoti yanalalamika yakiona ngazi tu. Jogoo wa Hija alichinjwa Ijumaa, nami nikapewa paja kwa kuwa ndimi niliyedhurika zaidi. Mardhiya anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Jengo zima linapotea mpaka saa tano, kisha unaniambia nisihofu. Sisi tukiandaa shamba kule Lugoba nasi tunachoma, moshi unachukuliwa na upepo na hatujapata kuuliza unamwendea nani. Lakini hao wakulima wa huko, kwa nini wasiyaache mabua yaoze wakayalimia chini? Waulize.

Sasa nisikilize. Ulikuwa na miaka minne nilipokubeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali, kifua chako kinapiga filimbi na mimi nasoma kila sura ninayoijua. Ndiyo maana ulipoondoka mwezi wa tatu tuliwekeana ahadi mbele ya mjomba wako Mwinyimvua: hewa ya huko ikikulaza hospitali hata siku moja, unafunga sanduku unarudi, umemaliza masomo hujamaliza. Ahadi iko palepale.

Na kwa nini siku hizi hupigi simu, unaandika tu?

Mwanaasha wa nyumba ya pili anamleta mumewe Delhi kutibiwa moyo. Nimempa udi wangu ule mzuri na chetezo kidogo akuletee. Hewa mbaya hufukuzwa na hewa njema. Alhamisi baada ya magharibi funga madirisha, ziba chini ya mlango kwa shuka, ufukize mpaka ukuta usiuone, nawe ukae humohumo. Hivyo ndivyo nilivyofukiza chumba chako ulipotoka hospitali, na ulipona. Usinikaidi.

Mkeo asiye na talaka,
Bibi

*

Delhi, 17 Novemba 2025

Shikamoo Bibi yangu,

Natumai barua hii itakukuta umekaa barazani na kahawa yako. Udi umefika. Mwanaasha aliufunga ndani ya kanga tatu na bado begi lake zima lilinukia harusi. Mumewe amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, jana aliomba pilipili.

Nimeuliza habari za mabua. Mwalimu anasema mkulima wa huko akishavuna mpunga ana wiki mbili tatu tu za kupanda ngano. Mabua hayaozi kwa muda huo, mashine ya kuyafukia ni ghali, kiberiti ni rahisi. Mkulima mmoja alimjibu kuwa moshi wake unaanza kumwingia yeye na watoto wake kabla haujafika mjini, kwa hiyo asionekane kama adui.

Shule za watoto zimefungwa kwa sababu ya hewa. Wanatakiwa wakae ndani, lakini hapa uani wanacheza kriketi. Mpira ukipigwa juu unapotelea kwenye ukungu, wote wanasimama wakisikiliza utaangukia wapi. Nimecheka mpaka nimekohoa. Macho yanawasha kama nakata vitunguu, ila hayo ni ya kila mtu.

Alhamisi nitafukiza kama ulivyoagiza.

Mumeo mtiifu,
Shuaibu

*

Dunda, 4 Desemba 2025

Shuaibu,

Leo sina marahaba kwa kuwa shikamoo yako siioni wiki ya tatu sasa. Mimi ni mzima, ukipenda kujua.

Simu yako inaita haipokelewi. Mwanaasha nikimpigia anajibu, "Mzima, Bi Mwanahija, mzima," upesi upesi kama ana pipi moto mdomoni. Juzi nilipika samaki wa nazi nikamimina chumvi mara mbili, Mardhiya akala sahani nzima hata hakugundua, nikajua na yeye ana wasiwasi. Kama umeoa, andika nijue. Kama ni jingine, andika upesi zaidi.

Bibi yako

*

Delhi, 9 Desemba 2025

Shikamoo Bibi, shikamoo tena, na ya wiki zote zilizopita.

Mimi ni mzima leo. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Ile Alhamisi nilifanya yote. Makaa nilimwomba dobi wa hapo chini, ambaye bado anatumia pasi ya mkaa. Madirisha nikafunga, shuka nikaweka chini ya mlango, nikatia udi. Bibi, chumba kilinukia nyumbani. Nilikaa kitandani nimefumba macho nikakuona unatoka ukumbini na kanga ya kiunoni, nikaongeza udi mwingine. Abdulrazak aliporudi alifungua mlango akadhani tunaungua. Alinikuta sakafuni, sauti haitoki.

Alinibeba ghorofa tatu kushuka, yeye na dobi. Nililazwa siku sita. Nilimsihi Mwanaasha asikwambie, usimkasirikie. Na simu sikupiga tangu Oktoba kwa sababu ungekisikia kifua kikipiga filimbi, na kwenye karatasi filimbi haisikiki. Nimekuficha, na katika yote hili ndilo linaloniuma zaidi.

Nimetoka, natembea, nina dawa mpya na barakoa nzito. Abdulrazak ananitangaza chuo kizima kuwa mtu wa kwanza Delhi kuleta moshi wake mwenyewe kutoka Afrika.

Lakini ahadi ni ahadi. Imebaki miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo hospitalini, kuanzia Januari, kisha cheti. Nautaka mno huo ufamasia. Hata hivyo ukisema nirudi, nitarudi.

Mjukuu wako,
Shuaibu

*

Dunda, 15 Desemba 2025

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mimi mwili mzima, moyo ndio uliopigwa.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikitoa chetezo changu kikubwa, kile cha harusi yangu, nikakiweka nyuma ya nyumba na kuku wakakipanda. Ya tatu nilimwita Mwinyimvua, kwa kuwa ndiye shahidi wetu, nikamwambia nataka kuhukumu. Akasema mimi si kadhi. Nikamwambia kadhi hajakulea.

Hukumu ni hii. Ahadi ilisema hewa ya huko ikikulaza. Udi ule umetoka Dunda, nimeutoa kwa mkono wangu, ukafukizwa kwa amri yangu, madirisha yakafungwa kwa ushauri wangu. Delhi haimo. Basi ahadi haijaguswa, na wewe unamaliza masomo yako. Mwinyimvua alifungua mdomo aseme neno, nikamwambia anywe kahawa.

Sasa la kwangu. Nilidhani moshi unaonukia hauwezi kudhuru. Nimeufukiza umri huu wote, na mjukuu niliyemlea mwenyewe nikamfungia ndani nao. Nisamehe, Shuaibu. Sijawahi kuandika neno hilo kwa mtoto niliyemwogesha, nimelikata mara mbili kabla ya kuliacha, utaona hapo kwenye wino.

Mshukuru Abdulrazak. Akija likizo Lugoba apite hapa, nitampikia mpaka ashindwe kuinuka.

Mkeo mwenye hatia,
Bibi

*

Delhi, 19 Desemba 2025

Shikamoo Bibi mpenzi,

Nimekwisha kukusamehe tangu nikiwa sakafuni, na wino nimeuona. Naomba magoti yako na moyo wako vyote vipoe.

Hukumu yako ni tamu, nami niliibusu simu, lakini siwezi kuipokea. Daktari alinieleza siku ya kwanza kabisa kuwa njia za kifua zilikuwa zimevimba kwa wiki nyingi kwa ajili ya hewa ya nje. Udi ulikuta mlango umekwisha kufunguliwa. Kitanda cha kulia kwangu alikuwepo mtoto wa miaka mitano, cha kushoto mzee mwuza chai. Wodi nzima ilijaa watu wanaokohoa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia habari za udi wa Bagamoyo. Hewa hiyo ingenilaza tu, kama si Alhamisi ile basi nyingine.

Kwa hiyo ahadi imefika. Barua ya kuacha chuo nimeiandika, iko mezani. Nangoja neno lako moja.

Mjukuu wako,
Shuaibu

*

Dunda, 23 Desemba 2025

Mume wangu Shuaibu,

Marahaba. Sote wazima. Mume wa Mwanaasha amerudi anatembea kifua mbele kana kwamba moyo kautengeneza mwenyewe.

Unadhani unanipa habari? Mwanaasha alirudi kabla sijaandika hukumu, akaniambia maneno ya daktari yote, na wodi, na mzee wa chai. Nilijua. Niliipinda hukumu kwa makusudi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuona kuwa ile ahadi sikuiweka kwa ajili ya kifua chako, niliiweka kwa ajili ya hofu yangu. Mwinyimvua naye alijua. Nami nilitaka umalize, usije ukakaa hapa na mimi miaka ishirini ukitazama kuta. Sasa wewe umeukataa mlango niliokufungulia kwa kuwa si wa kweli. Nimekasirika siku nzima, kisha nimejivuna mbele ya Hija mpaka akaaga.

Lakini hewa ile sikurudishi ndani yake. Niambie, India yote imefunikwa? Nchi kubwa namna hiyo haina pwani? Mwanaasha anasema wauguzi waliokuwa wakimwangalia mumewe wengi wametoka Kerala, na kwao kuna minazi, samaki na upepo wa bahari kutwa. Hayo mafunzo ya vitendo yameandikwa wapi kuwa lazima yawe Delhi? Uliwahi kuuliza, au ulikuwa unakohoa tu?

Ichane hiyo barua ya kuacha chuo. Andika nyingine, uombe hospitali ya pwani. Wakikataa, rudi, na hakuna atakayekulaumu. Wakikubali, nenda, na ahadi yetu nimeifuta mimi mwenyewe, Mwinyimvua ameshuhudia.

Mkeo, anayekupenda kuliko cheti,
Bibi

*

Kochi, Kerala, 18 Januari 2026

Kwa Bibi yangu Mwanahija,

Shikamoo mke wangu mkubwa. Habari za magoti, za Mardhiya, za mjomba Mwinyimvua? Mimi nakwambia alhamdulillahi, na safari hii ni ya kweli.

Sikuwahi kuuliza, Bibi. Mkuu wa mafunzo alisoma barua yangu akasema kila mwaka wanafunzi wawili watatu huenda kusini, wanaoomba tu. Treni ilichukua karibu siku mbili. Abdulrazak alinisindikiza kituoni na barakoa yake, akasema sasa chumba kitanukia miguu yake peke yake.

Mama mwenye nyumba nilipopanga anaitwa Mariyam. Amenitazama mara moja akasema nimekonda, akanipa samaki wa nazi aliyewekwa bizari nyingi kuliko wako na chumvi kiasi. Hospitali ni dakika kumi kwa miguu. Jumatatu nimeanza kupanga dawa dirishani, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mwenye pumu. Nilimwonyesha namna ya kuivuta dawa, akaniuliza nimejifunza wapi kuieleza vizuri hivyo.

Kuna jambo moja nililokuficha, hili ndilo la mwisho. Tangu Oktoba nilikuwa nalala nimekaa, mgongo ukutani, kwa kuwa nikijinyoosha pumzi inakata. Abdulrazak alidhani nasoma. Hapa nako nilikaa vilevile kwa mazoea. Jana usiku upepo ulikuwa unaingia dirishani, nikateleza taratibu mpaka kichwa kikafika kwenye mto wa kitanda, nikangoja kikohozi.

Nililala chali, Bibi. Nililala chali mpaka jua likanikuta.

Mumeo,
Shuaibu