Nimemtoa Mwalimu Kundini

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Posta.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za sote. U hali gani, na ule mgongo unaendeleaje? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, Mungu ametuhifadhi, ila kichwa changu kimevurugika na sina wa kumweleza ila wewe.

Mpwa wako, binti yangu, ameanzisha kundi la simu la watu wanaojifunza lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wale wanaoanzia sifuri. Ni lugha ambayo hakuna anayeisema kwa mdomo, nami sijaielewa mpaka leo. Kwa vile kule masjala ya hospitali anakofanya kazi hawaruhusiwi kushika simu, aliniachia mimi ulinzi wa kundi, simu ikae kando ya cherehani. Akaniambia, "Mama, wewe wakaribishe tu. Na mtu asichekwe kwa swali lake."

Nikawakaribisha. Kila aliyeingia nilimjulia hali kwanza, na ya nyumbani kwake, ndipo aulize. Wakazoea.

Ijumaa kinyozi mmoja aliuliza kwa nini kompyuta inakataa kazi yake. Yule wanayemwita Profesa akamjibu, "Hilo hata kuku wangu hawaulizi. Rudi kanyoe watu." Mdogo wangu, nilikuwa na pindo la suruali mkononi. Nikaliweka chini, nikamtoa.

Jioni binti alitazama simu, akakaa. "Mama, umemtoa mwalimu. Wengine wote humu ni wanafunzi, hata mimi."

Basi nimechanganyikiwa. Nilimwomba Profesa radhi. Anasema atarudi siku nitakayotoka mimi. Nikamuuliza binti, nitoke? Akasema, "Sijui, Mama." Nimesali, sijaoneshwa njia. Nilitenda haki, au nimebomoa kazi ya mwanangu kwa mikono yangu? Siku hizi hakuna anayechekwa, lakini hakuna anayejibiwa pia. Jana saba wameondoka. Wameaga kwa adabu, mmoja mmoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Kazi hiyo ya kuandika programu ndiyo inayokulisha wewe. Nusu saa ya jioni ya kuwajibu ingetutosha. Leo kinyozi ameuliza tena, nami nimeshamwandikia kwamba mjomba yuko njiani. Tafadhali usinifanye mwongo.

Nisalimie wifi, watoto, na yule jirani yenu fundi bomba. Mungu akulainishie kila palipo pagumu.

Ni mimi dada yako mkubwa, akupendaye na kukutegemea.