Siku Ulipokuja Kunichukua Marui

Mwendapole, Kibaha
Juni 9, 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nakuuliza magoti, maana mvua za mwaka huu hazikuwa na huruma, na najua unavyokipanda kile kilima cha Kisarawe kwenda misa ya kwanza. Mimi mwili ni mzima. Nyumba tu ndiyo kimya. Nikipika wali, naula siku mbili.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Kwenye simu, mama, tunaulizana mvua, tunaulizana afya, kisha tunaagana. Hili siliwezi kwa simu.

Uliwahi kuwaambia wenzako wa jumuiya kwamba mwanao anasomea kusikiliza ndoto za watu. Walicheka, lakini hukukosea. Somo letu lilianzishwa na daktari mmoja wa zamani wa Uswisi, Jung. Tunafundishwa kwamba kidonda cha utotoni hakiponi kwa kunyamaziwa. Hujitokeza ndotoni, na katika namna tunavyowaogopa wanaotupenda. Mwalimu wangu, Mama Efrazia, ana sinia la mchanga na vijisanamu vya watu na nyumba. Aliyekosa maneno hupanga humo kilicho moyoni. Na sisi wanafunzi lazima tukae kwenye kiti cha mgonjwa kila wiki, kwani yeye husema huwezi kumvusha mtu mto ulioukwepa mwenyewe.

Mwezi wa tatu niliugua malaria, nikakosa wiki mbili bila kumpa taarifa mama mmoja ninayemhudumia. Nitamwita Faudhia, ingawa si jina lake. Yeye aliachwa kwa shangazi angali mchanga. Niliporudi hakutaka kuketi. Alisimama mlangoni akasema, "Nilijua tu." Kisha akachukua kisanamu cha mwanamke, akakifukia chote mchangani. Nikaanza kujieleza: homa, dripu, simu iliyozimika. Akabeba mkoba wake akaondoka.

Mama Efrazia hakunigombeza. Alisema Faudhia hakuhitaji sababu zangu. Alitaka kuona kama naweza kuipokea hasira yake na bado nikawepo. Halafu akanisogezea sinia, akaniambia nipange na mimi. Nikachomeka vijiti vingi, na nyuma yake nikalaza kitoto cha kike kifudifudi. Akauliza vijiti ni nini. Nikasema ni mihogo. Nikalia mpaka saa yetu ikaisha.

Faudhia alirudi baadaye. Alinikaripia saa nzima, nami sikujitetea. Alipomaliza akauliza kama wiki ijayo nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwepo.

Mama, uliniacha Marui kwa bibi nina miaka minne, ukaenda mjini kufanya kazi za ndani. Uliporudi kunichukua nilikuwa na miaka saba, na sikuonekana. Ulingoja hadi basi la mwisho. Ukamwambia bibi amenificha ili asibaki peke yake, na tangu hapo hamkusemezana mpaka tulipomzika.

Bibi hakunificha. Nilijificha mwenyewe kwenye mihogo, hatua chache tu kutoka uani. Nilikusikia ukiita, "Honorata! Honorata wangu!" Nilitaka uite zaidi. Nilitaka nione kama safari hii nayo utaondoka. Ukaondoka. Nilipotoka, bibi alinipangusa udongo magotini, akasema nisimwambie mtu, lawama hiyo ataibeba yeye. Nikamwachia, akaenda nayo kaburini.

Sasa nina miaka thelathini na sita. Kila aliyetaka kunioa nilimfanyia vivyo hivyo: nilijificha nione kama atanitafuta. Wote walichoka.

Jumamosi nitakuja Kisarawe. Ukinikasirikia, nikasirikie mama, sitajitetea. Usiponifungulia, nitakaa barazani mpaka utoke.

Nisalimie Katekista Silvanus, na jirani yako Imakulata umwambie namwombea mguu wake upone.

Ni mimi mwanao,
Honorata