Koti Jeupe la Mheshimiwa

Mdogo wangu, Mheshimiwa Mbunge,

Barua yako imenifika hapa Alby, pembezoni mwa Stockholm. Salamu mistari miwili, kisha ombi: nikutumie koti jeupe jipya, maana lile la zamani limechakaa, nawe unataka kulivaa siku ya kufungua zahanati yenye jina la marehemu mama yetu, uwapime wagonjwa wa kwanza kwa mkono wako. Nimeisoma mara tatu. Huna haya, huna soni.

Lile la zamani nalikumbuka vizuri kuliko wewe. Ulilivaa Hässelby, mwisho wa reli, katika ile nyumba ya wazee ulikokuwa ukiwaogesha vibabu na kuwabadilishia mashuka. Jumapili moja nilikuja na kamera ya kuazima. Ulisimama dirishani, theluji nyuma yako, nami nikakwambia, "Acha kucheka, madaktari hawacheki." Nyuma ya picha nikaandika kwa kalamu yangu mwenyewe: Daktari wetu. Nikaituma nyumbani; ulikuwa utani wa kumfurahisha mama. Moto wa uongo huo niliuwasha mimi, sikatai. Wewe ukaupikia ubunge.

Ulirudi nyumbani, picha imekutangulia. Ukagombea, ukapewa alama ya jembe, wewe ambaye shambani hukuwahi kumaliza tuta moja, na watu wakagonga majembe kwa mawe wakiimba, "Daktari! Daktari!" Hukuwasahihisha. Mpinzani wako, mwalimu aliyewafundisha nusu ya kijiji kusoma, ukambwaga vibaya. Hata kiti cha bungeni hakijapata joto, mama akaugua.

Mama mdogo Zuhura ameniandikia yote. Miguu ilivimba, mama akawa halali ila ameketi, pumzi hazimtoshi. Land Rover ya misheni ilikuja kumpeleka hospitali, akairudisha. "Mimi nina daktari wangu, yuko bungeni," alisema. "Atakuja." Alikungoja siku tisa. Ukaja, ua umejaa wapiga kura, ukamshika kifundo cha mkono, ukatazama saa yako uliyonunua Stockholm, ukasema, "Uchovu tu huo, mama. Pumzika." Watu wakapiga makofi. Mama alifariki Ijumaa, bado anakusifia.

Asiyejua ningemsamehe. Wewe ulijua. Unamkumbuka mzee wa chumba cha mwisho, aliyekuwa hakubali kulishwa na mkono mwingine ila wako? Asubuhi moja ulimvua soksi, ukaona miguu imejaa maji, ukakimbia ukumbini ukimwita muuguzi kwa Kiswidi chako kibovu mpaka gari la wagonjwa likaja. Mzee yule alipona. Nilipokuja kukutembelea alinishika mkono, akakuonyesha kwa kidole. "Duktig," alisema, hodari huyu. Nilirudi Alby kichwa juu, nikamsimulia kila jirani. Ulichomfanyia mzee wa watu, mama yako hukumfanyia, kwa sababu ungemwita muuguzi mbele ya wapiga kura ungejulikana si daktari.

Nilikubeba mgongoni tangu hujaota jino, na leo nikisikia jina lako natamani kutema mate. Nami siponi. Zuhura anasema ile picha waliikuta chini ya mto wa mama, imelainika kwa kushikwashikwa, mwandiko wangu umefutika nusu. Kila nikishika kalamu nauona.

Basi koti nimelinunua. La pamba, vifungo sita, mifuko miwili. Ila si la kipimo chako. Nimelituma kwa mkunga wa zahanati, binti wa yule mwalimu uliyembwaga, kwa kuwa yeye kazi yake ameisomea. Barua hii imo mfukoni mwa koti, haina bahasha, na nimemwomba awasomee watu kwa sauti kabla hujakata utepe. Hakuna mgonjwa atakayekupa mkono wake umpime.

Usikimbie lakini. Pale barazani watakuwepo wazee wengi, wametembea toka alfajiri, miguu ina vumbi. Kunja suruali yako ya bungeni, chukua beseni, uwaoshe. Hiyo ndiyo kazi pekee uliyowahi kuiweza.

Ni mimi dada yako,
niliyekupiga picha.